Matanga ya Bwana Tobin

Hai Jalaba,
Juba.
17 Oktoba 2010

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu za binti yako, nyingi kuliko joto la huku, na joto la huku ukitaka kulijua inamia jiko la chapati saa sita mchana. Hujambo? Goti lako la kushoto linasemaje na mvua hizi? Yule ng'ombe mwekundu alizaa salama, au bado anawazungusha? Baba mdogo Ezekieli nisalimie, Pastor na mkewe nisalimie, na kina mama wa kikundi cha Jumatano waambie Millicent hajaolewa na Mwarabu. Najua wanasema. Mimi ni mzima. Nakula vizuri, kazini hotelini hawajanifuta, na kila Jumapili naenda ibada ya Kiarabu na kuitikia amina kwa kukisia.

Ulitufundisha darasani, sisi wanao pamoja na watoto wa watu, kwamba barua huanza na salamu, ikafuata hali, kisha dhumuni, na anayeruka hatua hana adabu. Leo nivumilie, kwa sababu dhumuni langu haliingii katika aya moja. Nawe usifunue karatasi ya mwisho kwanza. Wewe ndiwe uliyekuwa ukituchapa vidole kwa kosa hilo.

Ningekuambia kwa simu, lakini mtandao wa kwetu ni wa ajabu. Nikitaja ng'ombe, unasikia. Nikitaja mbolea, unasikia. Nikitaja Dancan, unasema, "Haloo, haloo, unapotea," na simu inakatika. Kwa hiyo naandika, na barua hii anaileta Douglas, mpishi wetu wa hotelini, anayekwenda likizo Kakamega. Mpe chai, ni mtu mzuri, na yeye mwenyewe yumo ndani ya habari hizi kama utakavyoona.

Baba mdogo aliniambia kwamba bado hulali. Alisema anapoamka kwenda kukama anakukuta umeketi mlangoni umevaa sweta, kama mtu anayesubiri gari. Akaniambia pia kwamba mwezi wa Agosti kina mama wa kanisa walikuja kukuomba mfanye yale matanga ambayo hayakufanyika, mkae, muimbe, mnyoe, Dancan apumzike, na ukawajibu kwamba katika boma lako hakutakuwa na matanga mpaka ajulikane aliyemuua mwanao. Waliondoka na sukari yao. Mama, sikukasirika niliposikia. Niliogopa. Naogopa utazeeka mlangoni pale, na mimi niko mbali, na mtoto mwingine huna.

Nakumbuka tulivyomzika. Januari ile ya fujo za uchaguzi barabara zilikuwa zimefungwa, jeneza tulilichukua lililokuwepo, watu walikuja wachache na kuondoka kabla jua halijashuka, na moto wa matanga haukuwashwa. Hukutoa chozi. Tulisema ni mshtuko. Kisha ulipoweza kusafiri ulivaa viatu vyako vya shule, ukachukua mkoba, ukaenda kwenye mji ule alikokuwa akiuza simu, ukaanza kubisha nyumba moja baada ya nyingine karibu na stendi, ukimuuliza kila mtu kwa upole alikuwa wapi mchana ule na aliona nani akipita. Nilijua umejifunzia wapi kuuliza namna hiyo. Ulienda mara ya kwanza, ukaenda mara ya pili. Mara ya pili mwanamke mmoja alikuambia kupitia dirishani, "Mama, rudi nyumbani. Walikuwa wengi." Uliniambia neno hilo siku moja tu tukichambua mboga, na hujalirudia.

Halafu nilipopata kazi huku ukaniletea lile katoni lenye vitabu vyako vyote, vile alivyokuachia mwalimu wa kizungu alipostaafu. Ukasema, "Vichukue. Vinadanganya." Nikavichukua, maana sikutaka uviwashie moto.

Nimevisoma vyote, Mama, vingine mara mbili. Mchana kutwa napokea wageni katika hoteli ya makontena, watu wa mashirika waliochoka na wafanyabiashara wanaogombana nasi kuhusu taa zinazozimika, na nikirudi najitupa kitandani na kijiji cha Kiingereza mkononi. Nimejiuliza sana ni nini tulichokuwa tukikipenda humo. Wewe ulikuwa ukisema hakuna kitabu kinachomlaza mtu vizuri kama cha mauaji ya kijijini, na Baba, Mungu amrehemu, akikucheka. Lakini ni kweli. Kuna kanisa dogo, kuna bata bwawani, mtu wa mkate anapita kwa baiskeli, mvua inanyesha nje na birika linachemka ndani. Anakufa mtu mmoja, na huwa ni mtu mwenye roho ngumu ambaye hata kuondoka kwake hakumuumi mtu sana. Kijiji kizima kinasimama kwa ajili yake. Kila mtu anaulizwa, hata tajiri, hata mchungaji. Muuaji ni mmoja, ana jina, na siku wanapokutanishwa wote chumbani anatajwa mbele ya watu. Wengine wote ni safi, wanarudi kwenye maua yao. Nani asingependa kuishi huko?

Na ulivyotusimulia wewe! Hukusoma, ulivihamisha. Kijiji chote ukakileta kwetu Chavakali. Mpiga kinanda akawa mwalimu wa kwaya yetu, nasi tukamwogopa maskini yule mpaka tulipokuwa wakubwa. Tukipukuchua mahindi unasimama pale pale palipo patamu, unauliza, "Haya, ni nani?" Mimi nilikuwa nikipata. Dancan hakupata hata mara moja, kwa sababu kila kitabu alimshuku daktari. Hata kitabu kisichokuwa na daktari aliuliza daktari yuko wapi.

Sasa nikujulishe ninaoishi nao. Mwenye nyumba ni Mzee Albino, aliyekaa Khartoum miaka mingi na kurudi vita vilipokwisha. Anapenda sukari kuliko kodi. Chumba cha jirani yangu kuna Penina, mama wa hapa hapa, karani wizarani, aliyekulia kambi za wakimbizi Uganda na kurudi na Kiswahili cha huko. Chumba cha pembeni ni cha Namukasa, Mganda, anayeuza nyanya na vitunguu soko la Konyo Konyo na anayecheka mpaka ukuta unatikisika. Katikati ya uwanja kuna rakuba, yaani kibanda cha nyasi cha kupungia upepo, na hapo ndipo Jumapili alasiri tunapokaa.

Jumapili moja Namukasa aliona kitabu changu kimelala kwenye mkeka. Jalada lilikuwa na nyumba ndogo na waridi limetambaa ukutani, akauliza kama ni kitabu cha kufundisha ujenzi. Nikamwambia ni cha mauaji. Akasema haiwezekani, maua yote hayo? Akataka asikie. Basi nikawa nasoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, na Penina akimgeuzia Mzee Albino kwa Kiarabu cha Juba, na kila mara Kiarabu chake kinatoka kirefu kuliko nilichosema mimi.

Kilikuwa kile cha Bwana Tobin, mpiga kinanda, aliyekutwa amekufa ndani ya chumba cha kubadilishia nguo za ibada, na anayeuliza maswali ni mkunga mstaafu ambaye nusu ya kijiji aliipokea kwa mikono yake. Nilipofika mahali polisi wanapokuja kwa treni kutoka mjini, Mzee Albino aliinua fimbo nisimame. Akataka kujua wamekuja kwa ajili ya watu wangapi. Nikasema mmoja. "Zol wahid bes?" akauliza, mtu mmoja tu? Nikasema mmoja tu. Na muuza mkate naye aliulizwa? Naam, aliulizwa. Akaniomba nirudie ukurasa ule. Nikaurudia. Akatuambia kwamba wakati wa vita nduguye alikwenda kutafuta kuni upande wa mlima Jebel na hakurudi, na hakuna mtu aliyeulizwa chochote, hata yeye mwenyewe hakuulizwa. Alisema bila uchungu, kama mtu anayesifia nchi ya wenzake, kisha akaomba sukari nyingine.

Nikaendelea. Maiti imeonekana, mlango umefungwa, na mke wa mchungaji anawakaribisha watu sebuleni kwake kwa keki ili mkunga aanze kazi yake. Hapo Penina akaniwekea kiganja juu ya kitabu.

"Wewe Millicent, ngoja kwanza," akasema. "Mtu nakufa hapa juu, watu nakula keki hapa chini. Nani nalia yeye?"

Nikampa jibu lako, Mama, lile ulilotupa zamani, kwamba katika vitabu hivi machozi yangeharibu utamu. Penina hakulikubali. Alisema kama hakuna anayelia basi hiyo si kijiji, hiyo ni stesheni ya polisi iliyopandwa maua. Akauliza marehemu ana nani. Nikapekua, nikaona hana mke wala mtoto, ana dada anayekaa kijiji kingine, ametajwa mstari mmoja tu. Namukasa akashika mashavu. Je, dada ameambiwa? Nani amekwenda kumwambia? Sikujua, kitabu hakisemi. Walimhuzunikia yule dada kuliko maiti.

Penina akakifunga kitabu, akakivika kitenge chake, akatangaza kwamba kusoma kumesimama. Kwanza bika, ndilo neno la huku la matanga, mengine baadaye. Namukasa aliunga mkono, maana hata Buganda mtu hakimbilii kuuliza kabla hajakaa na wafiwa. Mzee Albino aliunga mkono kwa sababu penye bika pana chai ya maziwa. Nami nilicheka, Mama, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilidhani ni mchezo. Tukatandaza mikeka, Namukasa akaleta karanga za kuchemsha, mzee akawasha moto wa magogo mawili, na nikatakiwa kumweleza marehemu. Nikasema alikuwa bahili, alifungia vitabu vya nyimbo kabatini, na aligombana na kwaya nzima. Penina akasema hata bahili ana Mungu, akaanza wimbo wa Kibari.

Sasa, ukuta wa huku ni mkeka wa matete. Wimbo ule hauimbwi ila kwenye msiba. Haukupita muda akaingia Abuk, jirani yetu anayeuza chai pembeni mwa barabara, pamoja na wanawake wanne, wakaketi kimya, wakatushika mikono mmoja mmoja. Tukatazamana. Kabla sijafungua mdomo akaingia Douglas, ambaye alikuja tu kurudisha sufuria yangu. Aliona mikeka, moto na wanawake, akavua kofia, akaniambia pole sana dada, akakaa upande wa wanaume, na alipoambiwa marehemu anaitwa Tobin na alikuwa mtu wa kwaya, akasimama kuomba. Unajua Mluhya akishika maombi. Alimshukuru Mungu kwa maisha ya ndugu yetu Tobin, nguzo ya kwaya, mtu mkarimu. Namukasa aliingiza kichwa ndani ya magoti, na mabega yake yakawa yanaruka. Wale wanawake wakadhani ni kilio, wakampapasa mgongo.

Ungefanya nini? Penina alinifinya na kuninong'oneza kwamba watu wameshakaa, tusiwaaibishe. Abuk akauliza marehemu aliuawa na nini. Penina akajibu kwamba aliwekewa sumu kwenye chai, na nikaona vikombe vyote vinashuka polepole kwenye mkeka. Abuk akauliza ni nani aliyeweka.

"Bado hatujafika," akajibu Namukasa, bila kuinua kichwa.

Abuk aliitikia kwa kichwa. Kwake lilikuwa jibu la kawaida kabisa. Nadhani amekaa kwenye misiba mingi ambayo hawajafika. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mgeni wa nchi na Douglas alikuwa amenipa pole mimi, hivyo akaona msiba ni wa upande wangu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ina joto la vikombe mikono ile. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kidogo, "Yeye nani yako?"

Mama, hapa ndipo penye dhumuni. Kaa vizuri.

Jibu nilikuwa nalo tayari. Nilitaka kusema, tusameheni, huyu ni mtu wa kitabuni, hakuwahi kuishi, tulikuwa tukicheza. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Ni mdogo wangu." Akauliza jina la nyumbani. Nikasema Dancan.

Penina alinitazama, na nikaona kwamba ameelewa. Sikuwa nimemwambia yeyote huku kwamba nilikuwa na ndugu. Nilikuwa nikisema nina mama, basi. Nikalia, Mama. Nililia kwa sauti niliyodhani ni ya mtu mwingine. Namukasa aliacha kucheka akaja akanilaza mapajani pake, na wimbo ukaanza upya, na safari hii hapakuwa na mchezo. Ulitufundisha kwamba kilio huanzwa na mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Kwangu kiligeuka. Wa mbali ndio walioanza, wakamlilia mzungu wa karatasi, na mfiwa akaingia nyuma yao.

Hakuna aliyeniuliza tena nani alimuua. Waliuliza alikuwa mtu wa namna gani. Na nilisema, Mama, nilisema yote. Nilisema alikuwa akiuza simu na yeye mwenyewe hana salio hata siku moja, anakubipu umpigie. Nilisema tulipigania ukoko wa sufuria hata tukiwa watu wazima wenye vitambulisho. Nilisema alikuwa akivaa miwani yako ya kusomea na kuigiza daktari mwenye hatia, na wewe ukijifanya hukumwona huku mabega yanakuruka kwa kicheko. Abuk hakuelewa nusu yake, lakini aliitikia kila kitu. Douglas aliomba tena, mara hii kwa Kilogooli, lugha yetu, akamtaja Dancan kwa jina, na hakuongeza chumvi.

Walikaa nami siku zote za matanga. Nilitoka kazini nikarudi nikawakuta. Douglas na Mzee Albino walilala nje penye moto, Abuk alileta kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, na mchuzi, na siku ya mwisho Penina alichukua wembe mpya na maji ya vuguvugu akaninyoa. Nimenyoa, Mama. Najua haikunipasa kunyoa kabla yako, na najua ulisema hakuna matanga mpaka ajulikane. Nimemfanyia mwanao matanga nchi ya watu bila ruhusa yako, na watu wasiomjua ndio walioimba. Ukikasirika, kasirika. Nitapokea. Lakini nilipoingia ndani nililala mpaka Namukasa akanigongea akidhani nimekufa. Sijawahi kukuambia kwamba nami nilikuwa silali tangu Januari ile. Nilikuwa nakuuliza wewe kuhusu usingizi wako na wangu nikiuficha.

Jumapili iliyofuata Penina alikivua kitabu kitenge, akasema sasa soma, marehemu amekaliwa matanga. Tukakimaliza. Kilikuwa kitamu, Mama, kitamu kama zamani, tukabishana, tukapandisha sauti, Namukasa alimshuku mke wa mchungaji kwa sababu ya keki. Na unajua alikuwa nani? Alikuwa daktari. Dancan angepata. Nilipowaeleza kwa nini nacheka na kulia kwa pamoja, walipiga makofi kana kwamba yuko pale. Mzee Albino akasema basi, sasa mtu aende akamwambie yule dada wa kijiji kingine.

Tangu hapo tukianza kitabu kipya na maiti ikaonekana, tunafunga, tunakaa, tunakunywa chai, tunauliza marehemu alipenda nini. Ndipo tunaendelea. Wewe ulisema vitabu vinadanganya. Sidhani. Naona viliruka sura moja, kwa kuwa aliyeviandika alijua wasomaji wake watakuwa na mahali pengine pa kulilia. Sisi hatukupata mahali. Ndiyo maana ulipochukua mkoba ukaenda kuuliza kama mkunga yule, uliondoka na mzigo wote mgongoni, na kila mlango uliofungwa ulikuangukia wewe mwenyewe.

Sikuambii uache kuuliza. Uliza. Nitakwenda nawe kwenye mji ule mara ya tatu na nitabeba mkoba. Hata kama walikuwa wengi, kila mmoja wao ana jina na mama yake, na aulizwe. Lakini Mama, miaka hii miwili na zaidi tumemweka Dancan kama ushahidi. Tumemtunza vizuri, hatukumgusa, tukisubiri mtu wa kuja kumtazama. Hakuwa ushahidi. Alikuwa mtoto wako wa mwisho, na ulimnyonyesha mpaka majirani wakasema. Mtu anaweza kumlilia mtoto na kesho yake bado akauliza nani.

Huku watu wanangoja kura ya maoni ya Januari, na mengi yanasemwa, lakini usihofu, hotelini wametupa likizo mapema. Nitakuja Desemba mwanzoni. Penina atakuja nami, amepata ruhusa wizarani, anasema anataka kumwona mwalimu aliyekihamisha kijiji cha wazungu hadi Chavakali. Nitarudisha vitabu vyako vyote isipokuwa kimoja, ambacho Namukasa amekataa kata kata kukitoa. Baba mdogo nimeshamwomba atafute magogo makavu, na kina mama wa Jumatano nimewaomba wawe karibu, wasije mpaka waitwe. Hayo nimeyafanya nyuma ya mgongo wako pia, nayo yaongeze kwenye hesabu ya makosa yangu.

Funga goti kwa kitambaa cha joto, punguza majani ya chai jioni, na mpelekee mama Pastor ile shuka niliyomtumia kwa mkono wa Douglas. Mwambie ng'ombe nakuja.

Siku hiyo, Mama, sitapiga hodi. Nitaanza kulia kule barabarani kwenye kona ya kinu, kama anavyolia mtu anayefika matangani kwetu, na nitamwita Dancan kwa jina lake, kwa sauti, njia nzima, na majirani watatoka. Usije kuninyamazisha. Usiniulize ni nini. Mfunge mbwa, uache mlango wazi, na ukisikia sauti yangu inakaribia nawe ukaona kilio kinakujia, usiningoje. Anza.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Millicent Kageha